Luke Kelly hakutunga, aliimba tu. Kwa nini Dublin ina sanamu zake mbili?

#1 Kipanga77
Wadau, habari za jioni. Naishi Dublin mwaka wa sita sasa, na kuna jambo linanisumbua, naomba tulijadili.

Huku kuna mwimbaji wa nyimbo za jadi anaitwa Luke Kelly, yule wa kundi la The Dubliners, mwenye nywele nyekundu zilizosimama kama kichaka na banjo kifuani. Alizaliwa Novemba 1940, akafariki Januari 30, 1984, akiwa na miaka 43 tu. Mwaka 2019, tarehe hiyohiyo ya kifo chake, Rais Michael D. Higgins alizindua sanamu zake mbili kwa siku moja: moja South King Street katikati ya jiji, nyingine Sheriff Street alikozaliwa. Daraja la Ballybough nalo limepewa jina lake.

Nikaanza kumfuatilia wimbo kwa wimbo. "On Raglan Road" ni shairi la Patrick Kavanagh. "Dirty Old Town" ni ya Ewan MacColl, Mwingereza. "The Town I Loved So Well" na "Scorn Not His Simplicity" zote ni za Phil Coulter. Nyingine nyingi ni za jadi, hazina mwenyewe. Mtu hakuandika hata wimbo mmoja! Na bado ukimuuliza mwenyeji Raglan Road ni ya nani, anakujibu "ya Luke" hata hajafikiri.

Hoja yangu: heshima yote hii imetokana na kufa kijana. Nipingeni.

#2 Dereva_Usiku
Naweka kiti hapa. Nasubiri wajuzi.

#3 Mzee_Kinanda
Mleta uzi, umefanya kazi nzuri ila umeteleza pawili.

Kwanza, aliandika. Kuna utenzi wake unaitwa "For What Died the Sons of Róisín", umo kwenye albamu ya Dubliners ya mwaka 1970 iitwayo Revolution. Hauimbwi, anaughani. Róisín ni jina la zamani la kuitaja Ayalandi kwa mafumbo, na Luke anauliza wana wa Róisín walikufa kwa ajili ya nini, ikiwa nchi yenyewe sasa inageuzwa kuwa bidhaa. Usikilize mara moja halafu uje utuambie kama huyo ni mtu asiye na la kwake la kusema.

Pili, MacColl alizaliwa Salford, Uingereza, lakini wazazi wake walikuwa Waskoti, na angekasirika sana kuitwa Mwingereza. "Dirty Old Town" ni kuhusu Salford hiyohiyo. Watu wengi wa Dublin wanaimba wakidhani ni mji wao.

#4 Kivumbi
Subirini kwanza, Dirty Old Town si ya The Pogues?

#5 Mzee_Kinanda
Kivumbi mdogo wangu, The Pogues waliirekodi miaka ya 80. Luke alikuwa akiiimba tangu miaka ya 60. Wewe umeingia sinema ikiwa katikati.

#6 Kivumbi
Haya nimekaa, nisimulieni ya mwanzo.

#7 Bi_Mrashi
Sisi tuliokulia kwenye taarab hatushangai. Mtunzi ni huyu, mwenye sauti ni yule, na pale harusini hakuna anayeuliza shairi kaandika nani. Wimbo ni wa aliyekutoa machozi.

#8 Kipanga77
Mzee Kinanda, nimekubali, ahsante. Badala ya "hakutunga" tuseme "alitunga kwa nadra mno".

Bi Mrashi, nimekuelewa, ila Kavanagh si mtunzi aliyesahaulika. Naye ana sanamu yake, ameketi kwenye benchi kando ya mfereji wa Grand Canal, na vitabu vyake vinasomwa shuleni. Wote wanajulikana, bado wimbo anapewa Luke.

#9 MsomajiWaJioni
Hapo kwenye Raglan Road mniachie nafasi maana ndipo palipo na utamu.

Kavanagh alikuwa mkulima wa Monaghan. Alihamia Dublin mwaka 1939, na baadaye akapanga chumba mtaa wa Raglan Road, eneo la Ballsbridge. Huko akampenda Hilda Moriarty, msichana wa Kerry aliyekuwa akisomea udaktari, mdogo kwake kwa miaka mingi. Hakumpata. Shairi lilichapwa kwenye gazeti la The Irish Press Oktoba 1946, na halikuitwa Raglan Road. Kichwa chake kilikuwa na jina la Miriam, jina la msichana mwingine kabisa, ili Hilda asitiriwe. Mwaka uliofuata Hilda akaolewa na Donogh O'Malley. Huyo O'Malley ndiye aliyekuja kuwa waziri wa elimu na kutangaza sekondari ya bure mwaka 1966. Yaani mwanamke aliyemliza mshairi aliolewa na mtu ambaye watoto wa maskini wa nchi nzima wana sababu ya kumshukuru. Mimi huwa siwezi kumchukia yeyote katika kisa hiki.

Sasa ruka karibu miaka ishirini. Ndani ya baa ya The Bailey, Dublin, Kavanagh mzee na mgonjwa anakutana na Luke Kelly, anamwambia ana wimbo wa kumpa. Luke mwenyewe alisimulia hivyo. Kavanagh akafa Novemba 1967. Kwa hiyo Luke hakuuchukua wimbo, alikabidhiwa na mwenyewe kwa mkono wake. Kipanga, urithi huo si sawa na kuimba tu wimbo wa mtu.

#10 Dereva_Usiku
Na lile lahani? Nimesikia Luke ndiye aliyelipachika.

#11 MsomajiWaJioni
Lahani ni la jadi, "Fáinne Geal an Lae", maana yake kama mapambazuko ya siku. Wapo wanaoshikilia kuwa ndoa ya shairi na lahani ilifungwa usiku ule wa The Bailey. Lakini mwandishi Benedict Kiely alieleza kwamba Kavanagh alimwimbia kwa lahani hilohilo miaka ya 40, shairi likiwa bado bichi. Mimi namwamini Kiely, maana vipimo vya mistari vinakaa kwenye lahani lile kama mguu kwenye kiatu chake.

#12 Mzee_Kinanda
Mimi nasema hata kama Kavanagh alikuwa nalo kichwani, nani aliyelisikia? Watu wawili watatu chumbani. Lilikuwa mbegu.

#13 Nesi_Limerick
Nimesoma kimyakimya toka jana, niongeze la kwangu.

Mwaka wangu wa kwanza huku, wenzangu wa kazini walinipeleka baa moja ambayo watu hukaa duara na ala zao. Kelele tupu, mimi nikawa nahesabu dakika niondoke. Halafu mzee mmoja pembeni, hana ala, akafumba macho akaanza Raglan Road peke yake. Mtu mmoja akasema "ciúnas", yaani kimya, na baa nzima ikanyamaza. Mhudumu alikuwa anajaza bia nyeusi, akaacha glasi nusu chini ya bomba, mkono ukabaki juu ya kishikio. Droo ya pesa ilikuwa wazi na hakuifunga, kwa sababu ingegonga. Alisimama hivyo beti zote nne.

Mzee alipomaliza hawakupiga makofi papo hapo. Mmoja alisema tu "God rest Luke". Hakusema Kavanagh.

Kipanga, unasema ni kwa sababu alikufa kijana. Wangapi wamekufa vijana? Mimi nadhani aliwafundisha watu namna ya kusikiliza.

#14 Kivumbi
Dada Nesi, hapo kwenye droo umenimaliza.

#15 Jongoo_wa_Bandari
Naona mnazunguka bila kufika Sheriff Street. Mimi nimefanya kazi bandarini zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo mtu aliyezaliwa jirani na gati namwelewa bila kamusi.

Baba yake, naye akiitwa Luke, alipigwa risasi akiwa mtoto mwaka 1914 pale Bachelor's Walk, wanajeshi wa Uingereza walipofyatulia umati wa watu. Akapona, akafanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha biskuti cha Jacob's. Mtoto akaacha shule na miaka 13. Mwaka 1958 akavuka kwenda Uingereza kama vijana wengi wa wakati ule: akafunga nondo kwenye ujenzi na kaka yake, akasafisha mapipa ya mafuta, akauza mashine za kufyonza vumbi mlango kwa mlango. Ukishamjua huyo mtu, ndipo unapoelewa kwa nini akiimba kuhusu kibarua unasikia kibarua. Sauti ile haikufundishwa, ilitoka nyumbani.

#16 Mzee_Kinanda
Jongoo, nakubaliana na yote isipokuwa sentensi ya mwisho. Ilifundishwa, tena kwa jasho.

Luke aliingia klabu ya nyimbo za jadi kwa mara ya kwanza Newcastle mwaka 1960. Kabla ya hapo hakuwa na lolote la kuitwa kazi ya muziki. Kutoka hapo akawa anakusanya nyimbo kichwani, akapiga banjo ya nyuzi tano, akaingia Chama cha Kikomunisti, Birmingham akakaa karibu na kundi la mwimbaji Ian Campbell. London akawa anakwenda kwa MacColl na mwenzi wake, mwimbaji Peggy Seeger. Mwaka 1962 akarudi Dublin, wakakutana na Ronnie Drew, Barney McKenna na Ciarán Bourke kwenye baa ya O'Donoghue's, Merrion Row. Kundi liliitwa kwa jina la Ronnie, naye Ronnie hakulipenda. Luke wakati huo alikuwa anasoma Dubliners, kitabu cha James Joyce, akasema tujiite hivyo.

Sasa sikieni hili. Mwaka 1964, kundi likiwa ndiyo kwanza linapaa, Luke akaliacha! Karibu miaka miwili. Akarudi London na Deirdre O'Connell, akaingia kwenye kikundi cha MacColl kilichoitwa Critics Group. Kule waimbaji walikuwa wanaimba mbele ya wenzao kisha wanachambuliwa: neno hili umelimeza, hapa umejionyesha badala ya kuonyesha wimbo. MacColl alitumia hata mazoezi ya waigizaji, mbinu za Stanislavski, yule mwalimu wa uigizaji wa Urusi. Mtu aliyekwisha kupata jina anarudi darasani kukosolewa. Ndiyo maana ukimsikiliza Luke hupotezi neno, hata Kiingereza chako kikiwa cha kuombea maji.

#17 Bi_Mrashi
Huyo Deirdre ndiye mkewe? Mbona hamumtaji vizuri, mnampitisha kama mzigo.

#18 MsomajiWaJioni
Bi Mrashi umetukamata. Walioana 1965. Deirdre O'Connell ndiye mwanzilishi wa Focus Theatre ya Dublin, na alifundisha waigizaji wa nchi ile kwa mbinu hizohizo za Stanislavski. Mimi nina dhana yangu, ichukueni kama dhana: nusu ya tunachokiita sauti ya Luke ni uigizaji uliopikwa nyumba moja na Deirdre. Hata jukwaani aliwahi kuigiza, mwaka 1973 alikuwa Mfalme Herode kwenye Jesus Christ Superstar hapo Dublin. Ndoa haikudumu, na miaka yake ya mwisho aliishi na Madeleine Seiler, Mjerumani.

#19 Jongoo_wa_Bandari
Uigizaji? Mimi siwezi kukubali. Muigizaji anajifanya njaa. Huyu aliijua.

#20 MsomajiWaJioni
Kuijua njaa hakutoshi kuiimba, kaka. Sheriff Street nzima iliijua.

#21 Kipanga77
Hapo Msomaji umenigusa. Lakini niwaulize: si wimbi tu? Waimbaji wa Ayalandi The Clancy Brothers na Tommy Makem walionekana kwenye televisheni ya Marekani, kipindi cha Ed Sullivan, mwaka 1961, na ghafla kila kijana wa Ayalandi akataka gita na sweta la sufu. Luke alirudi 1962. Alikuta mlango umeshafunguliwa. Halafu "Seven Drunken Nights" ikawaingiza chati za Uingereza 1967. Yeye alikuwa kwenye mtumbwi, maji yakaubeba.

#22 Mzee_Kinanda
Wimbi lipo, sikatai. Ila Seven Drunken Nights aliongoza Ronnie Drew, si Luke. Walipewa na Joe Heaney, mwimbaji wa Carna kule Connemara. Ilifika namba 7 Uingereza huku redio ya taifa ya Ayalandi ikiwa imeipiga marufuku. Na inaitwa usiku saba lakini wanaimba tano tu, mbili za mwisho hazifai mbele ya watoto! Ya Luke mwaka huohuo ni "The Black Velvet Band", namba 15.

Tena kwenye wimbi hilo walikuwepo mamia wenye sweta. Wangapi unawasikiliza leo?

#23 Kivumbi
Mimi ningeimba usiku wa sita.

#24 Bi_Mrashi
Kivumbi, tulia mwanangu.

#25 Baba_Neema
Salamu kwenu. Sina ujuzi wa muziki. Nimekuja kwa sababu mleta uzi ametaja "Scorn Not His Simplicity".

Mwanangu wa pili ana Down sindromu. Alipozaliwa, daktari mmoja aliniambia kwenye korido, amesimama, faili mkononi, kama anayenipa namba ya chumba. Watu wakaja nyumbani na pole, kama msiba. Miaka mitatu baadaye rafiki yangu aliyeko Leeds alinitumia wimbo huu bila maelezo. Nilielewa nusu ya maneno, na nusu hiyo ilitosha. Nilikuja kujua kuwa Coulter aliuandika baada ya mtoto wake wa kwanza kuzaliwa na hali hiyohiyo. Ni baba anayeongea.

Nilichokiheshimu zaidi ni hiki: Luke aliuona wimbo ule ni wa Coulter na mwanawe, akauimba mara chache sana mbele ya watu. Shoo za Dubliners zilikuwa za shangwe na glasi, hakutaka kuuweka mle. Mwimbaji anao wimbo unaoweza kuliza ukumbi mzima, na anaacha kuuimba. Kwangu mimi sanamu amejengewa kwa hilo.

#26 Nesi_Limerick
Baba Neema, ahsante. Msalimie mtoto.

#27 Kipanga77
Baba Neema, nimesoma mara mbili. Samahani kwa kuanza uzi kama mtu anayehesabu mali.

#28 Baba_Neema
Usiombe samahani ndugu, bila uzi wako nisingelisema hili popote.

#29 Dereva_Usiku
Nina swali, na msinirushie mawe. Hapa kijiweni kuna jamaa anasema pombe ndiyo iliyomuua.

#30 Nesi_Limerick
Mwambie jamaa yako apunguze. Luke alikunywa, hilo hata wenzake hawakulificha. Lakini kilichomuua ni uvimbe kwenye ubongo.

Juni 30, 1980 alianguka jukwaani Cork Opera House. Akapimwa, ukaonekana uvimbe, akapasuliwa. Kabla ya hapo alishaanza kuumwa kichwa na kusahau maneno ya nyimbo. Mtu wa kazi yangu akisikia hivyo anajua. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi huonekana walevi hata siku ambazo hawajaonja kitu: wanajikwaa, wanapotea katikati ya sentensi, hasira inakuja ghafla. Nimewaona wakisimangwa na ndugu zao kabla ya kipimo.

Alirudi jukwaani baada ya upasuaji. Mwaka 1983 katika ziara ya Ulaya ikabidi ashuke jukwaani Austria, kisha tena Mannheim, Ujerumani, akalazwa kidogo Heidelberg, akarudishwa Dublin kwa ndege. Krismasi alikuwa na familia yake. Januari 30 akafariki. Seán Cannon ndiye aliyechukua nafasi yake kwenye kundi.

#31 Jongoo_wa_Bandari
Na mwenzake Ciarán Bourke naye alivuja damu kwenye ubongo mwaka 1974, hakupona tena sawasawa hadi alipofariki 1988. Kundi moja, vichwa viwili.

#32 Mzee_Kinanda
Kuna mkanda wa miaka ile baada ya upasuaji, mtautafuta wenyewe, nywele zimepungua na uso umejaa. Anaimba na bado kidevu kiko juu. Mimi huwa naangalia mkono wa Barney pale pembeni, jinsi anavyofuata pumzi ya Luke badala ya kuhesabu.

#33 Kivumbi
Nimesikiliza Raglan Road jana usiku kwa mara ya kwanza, ile ya televisheni. Hana banjo hata. Amefumba macho, mishipa ya shingo imetoka. Mwanzo nilidhani amekasirika. Leo nimeirudia mara nne na sijui kama ni hasira au nini.

#34 Bi_Mrashi
Ni majuto, mwanangu.

#35 MsomajiWaJioni
Kavanagh alijuta. Luke mimi namsikia kama shahidi mahakamani.

#36 Jongoo_wa_Bandari
Shahidi sawa. Muigizaji hapana.

#37 Kipanga77
Narudi na mrejesho. Nimetoka zamu saa kumi jioni nikapita Sheriff Street, sijawahi kuiona ile sanamu ya pili kwa karibu. Ile ya South King Street ya John Coll ni ya shaba, ameketi anapiga banjo, watalii wanampakata wapige picha. (Nimekuja kugundua John Coll ndiye pia aliyemchonga Kavanagh wa pale mferejini. Mikono ileile kwa wote wawili!)

Hii ya Sheriff Street ni ya Vera Klute. Ni kichwa peke yake, cha marumaru, kirefu kuliko mimi, na nywele zimetengenezwa kwa nyuzi za shaba, nyingi, zimetimka kila upande. Watu wameshaimwagia rangi zaidi ya mara moja na imesafishwa kila mara. Leo mvua ilikuwa inanyesha ile nyepesi ya huku, na kila uzi ulikuwa na tone lake kwenye ncha.

Mama mmoja alikuwa anapita na mifuko ya sokoni. Nikamuuliza kwa nini mtaa umeweka kichwa kikubwa hivi cha mtu aliyeimba nyimbo za wengine. Akanitazama, akasema baba yake alisoma naye darasa moja. Nikangoja jibu. Akawa ameshamaliza, akaenda zake.

Bado nashikilia nusu ya hoja yangu. Angeishi, ingekuwa vingine.

#38 Mzee_Kinanda
Ronnie Drew aliishi hadi 2008 na Barney hadi 2012, na walizikwa kwa heshima kubwa. Kuishi hakukuwapunguzia kitu. Fikiria tena.

#39 Nesi_Limerick
Kaburi lake liko Glasnevin, kwenye jiwe wameandika jina lake na neno "Dubliner". Nina siku mbili za mapumziko mwezi ujao. Kipanga, kama uko huru twende.

#40 Kipanga77
Twende. Jumamosi ndiyo nafuu kwangu.

#41 Dereva_Usiku
Leteni picha.